Kontrola ya tangi la samaki hapa Dar: ninunue, au hela iende kwingine?

Tabata240:

Heshima kwenu wakuu. Naombeni ushauri kabla sijatoa hela.

Tangi ni sm 120 × 40 × 50. Ukitoa mawe na mchanga, maji yanabaki kama lita 210. Wamo Tropheus 16, wale wa Ziwa Tanganyika. Vifaa nilivyonavyo: filta ya kanista wati 20, pampu ya hewa wati 4, taa ya LED wati 40, na hita wati 200 ambayo ni nadra kuwaka. Desemba hadi Machi maji yanapanda mpaka nyuzi joto 31. Kila mwezi nyumba inabaki bila mtu siku 4 hadi 6.

Kuna mtu anauza Neptune Apex iliyotumika (kompyuta ya kusimamia vifaa vya tangi), toleo la Marekani: kontrola yenyewe, ile baa yake ya soketi nane, sensa ya joto na probu ya pH (ya kupima uasidi au ualkali wa maji). Anataka milioni 1.6. Upande wa pili naona vidude vya kudhibiti joto tu, kama STC-1000 na Inkbird ITC-308, vya bei ya kawaida kabisa.

Maswali: hiyo Apex inafaa kwa umeme wetu? Na je, kwa hizo siku ambazo hakuna mtu, kontrola ndiyo itakayonisaidia au kuna kingine cha kuanza nacho?

FundiVolti:

Mkuu, hiyo ya Marekani iache, na sababu ya kwanza ni umeme tu. Baa ya soketi ya toleo la Marekani ni ya volti 120. Ukiichomeka kwenye 230 ya TANESCO, imeungua. Mtu atakwambia weka transfoma ya kushusha. Sawa, volti zitashuka, lakini hita yako, filta yako na taa yako vyote ni vya 230, kwa hiyo havitafanya kazi kwenye baa hiyo. Utalazimika kununua vifaa vipya vya 120, halafu pampu za AC za huko zimeundwa kwa hezi 60 na sisi tuna 50. Transfoma haibadilishi hezi. Pampu ya sumaku inafuata hezi, hivyo kasi yake itapungua kwa moja ya sita. Ukitaka Apex au GHL (kampuni nyingine ya kontrola), tafuta toleo la 230 tangu dukani.

Sasa swali la pili, ambalo ndilo kubwa. Tropheus hawafi kwa kukosa kompyuta. Kinachowamaliza samaki hapa mjini ni umeme kukatika (au Luku kuisha nyumba ikiwa haina mtu) wakati maji yana joto. Maji yasiyo na chumvi yakiwa nyuzi 25 yanabeba oksijeni kama miligramu 8.3 kwa lita. Kwenye nyuzi 31 zinabaki kama 7.4, na samaki mwenyewe kwa joto hilo anapumua haraka zaidi. Kontrola ya aina yoyote inayolishwa na soketi hiyohiyo ya ukutani inazimika pamoja na pampu. Itabaki inajua kila kitu bila uwezo wa kufanya lolote.

Kwa hiyo mimi ningejenga mfumo wa volti 12, kila kitu cha lazima kiwe juu ya betri:

Nunua pawa sapulai ya kamera za CCTV yenye sehemu ya kufunga betri. Kariakoo zimejaa. Inatoa kama volti 13.8, inachaji betri na kulisha mzigo kwa wakati mmoja, na umeme ukikatika mzigo unahamia kwenye betri bila hata kupepesa. Betri ya asidi iliyofungwa, 12V 18Ah. Pampu ya hewa ya DC 12V ya wati 5, ilishe filta mbili za sponji. Feni mbili za kompyuta za sm 12, kila moja kama wati 3. STC-1000, lakini toleo la volti 12, usichukue la 220.

Jumla, pamoja na STC yenyewe, ni kama wati 14. Betri ya 18Ah ina wati-saa 216. Ya asidi usiitumie zaidi ya nusu, kwa hiyo 108. Gawanya kwa 14, unapata saa 7 na ushee. Ukiweka betri ya lithiamu, LiFePO4, ya 20Ah unafika kama saa 14, ila hakikisha chaja yake inaendana nayo.

Kufunga STC: nyuma ina matundu manane. 1 na 2 ni umeme wa kuiwasha, 3 na 4 ni sensa, 5 na 6 ni kupasha, 7 na 8 ni kupoza. Wengi wanakosea hapa: 7 na 8 hazitoi umeme, ni swichi kavu tu. Waya chanya wa feni unakatwa, ncha moja iingie 7, nyingine 8. Waya hasi unaenda moja kwa moja. Ukifunga feni kati ya 7 na 8 ukitegemea zizunguke, utakesha.

5 na 6 acha wazi. STC ina namba moja tu ya lengo kwa kupasha na kupoza. Ukiweka F1 (lengo) = 27 na F2 (tofauti) = 1, feni zitawaka kwenye 28 na kuzima kwenye 27, ila hita nayo itawaka kwenye 26 na kupandisha mpaka 27. Hita Dar kuwaka kwenye 26 ni kuchoma Luku bure. Iache na themostati yake yenyewe kwenye 24, moja kwa moja ukutani. Faida nyingine ni kwamba ndani ya boksi lako hapaingii volti 230 hata kidogo.

F3 (kuchelewa) weka 1, ile ni kwa ajili ya kompresa. F4 tumia kurekebisha usomaji baada ya kulinganisha na kipimajoto cha kioo.

SampuKigamboni:

Naafikiana na Fundi kwa tangi hili. Ila msije mkasema kontrola kubwa ni urembo. Kwenye tangi la bahari lenye matumbawe, hesabu inabadilika: chumvi inatakiwa ikae karibu na 35 kwa elfu, alkalini inaliwa kila siku, kuna chila (ya kupoza maji), skima (ya kutoa uchafu kwa povu), pampu za dozi na maji ya kujazia, na kimoja kikikosea vingine vinafuata. Pale kontrola ya 230 inalipa, kwa sababu inaweza kusema "chila isiwake kama pampu ya kurudisha maji imezima", jambo ambalo STC haiwezi. Tropheus hawahitaji hayo.

Niongezee mambo ambayo Fundi hakuyagusa.

Kuhusu feni. Zinapoza kwa kukausha maji. Lita moja ikikauka inaondoka na joto la kutosha kushusha lita 210 kwa zaidi ya nyuzi 2.5, ndiyo maana feni mbili ndogo zinafanya kazi ya maana. Lakini zinategemea hewa kavu. Masika, unyevu ukiwa juu, usitegemee zaidi ya nyuzi 1 au 2. Zilaze zipulize zikikwangua uso wa maji, na mfuniko uwe na nafasi upande wa pili hewa itoke. Mfuniko ukifungwa kote, feni zinazungusha mvuke uleule.

Maji yanayokauka yanaacha madini nyuma. Ukijazia kwa maji ya kisima, na visima vingi vya huku pwani vina chumvi, kila wiki unaongeza madini juu ya madini. Jazia kwa maji ya mvua au ya RO (yaliyochujwa madini), na kubadilisha maji kuendelee kama kawaida.

Ukiweka mfumo wa kujazia wenyewe: ncha ya mpira iwe juu ya uso wa maji, isizame. Ikizama, pampu ikizima maji yanarudi kinyumenyume kwa kujivuta, ndoo inafurika sakafuni. Na ndoo iwe ndogo, lita 20 basi. Floti (boya linalozima pampu) ikikwama, hasara ni lita 20. Usiunge kwenye simtanki moja kwa moja hata siku moja. Floti ikigoma, lita 1,000 zenye klorini ziko mlangoni.

Sasa kanista. Hili ndilo linalosahaulika. Umeme ukikatika saa nyingi, bakteria waliomo humo ndani wamefungiwa na maji kidogo. Wanamaliza oksijeni, uchafu unaoza, halafu umeme ukirudi filta inawaka yenyewe na kutapika ule uozo wote kwenye tangi. Mtu akiwepo anafungua, anasuuza sponji kwa maji ya tangi, anarudisha. Mtu asipokuwepo, chomeka kanista kwenye plagi ya waifai yenye mpangilio wa hali baada ya umeme kurudi, uweke *ibaki imezimwa*. Sponji mbili za Fundi zinashikilia tangi. Ukiona kwenye simu kwamba umeme ulikatika dakika 20, iwashe ukiwa hukohuko. Ulikatika kwa muda wa saa 6, iache mpaka urudi nyumbani.

Kwa bei ya plagi moja umepata sehemu ya Apex uliyokuwa unaihitaji.

Tabata240:

Shukrani sana wakuu. Hilo la kanista sikulijua kabisa. Na vipi kuhusu pH? Tropheus wanataka juu, niliona probu kama ndiyo sababu hasa ya kununua. Halafu chakula, kuna zile mashine za kulisha zenyewe.

DadaMwani:

Kaka, probu ya pH kwenye tangi lako itakuonyesha mstari ulionyooka mwaka mzima. Maji yenye mchanga wa chokaa na kabonati ya kutosha hayachezi. Pima KH (kiasi cha kabonati kwenye maji) kwa matone mara moja kwa wiki. KH ikishikilia, pH inajishikilia.

Probu zenyewe zinaishi kama mwaka mmoja hadi miwili, na zinatakiwa kusawazishwa kila mwezi au miwili, kwako kwa myeyusho wa 7 na wa 10. Iliyotumika ikaachwa ikauke imekwisha, hata kama sanduku lina kila kitu. Na usiruhusu probu iongoze kifaa chochote cha kuongeza kemikali. Ikianza kusoma uongo, kifaa kinatii uongo.

Cha kuogopa ni amonia, na hiyo kontrola za kawaida hazipimi. Kwenye pH 7 na nyuzi 25, sehemu ya amonia yenye sumu haifiki hata asilimia 1. Kwenye pH 8.8 ya Tropheus ni kama asilimia 26. Yaani uchafu uleule usiomtikisa samaki wa maji laini unamuua wa kwako. Inakotoka? Chakula kilichozidi, na filta iliyosimama. Kwa hiyo jibu la chakula linafuata hapo hapo.

Mashine ya kulisha kwa siku 4 sikushauri. Tropheus wazima wanakaa siku 4 bila kula na hawapungui kitu, watakwangua mwani kwenye mawe. Kwa siku 6 unaweza kuweka, ila nusu ya kipimo, mara moja kwa siku, chakula cha mimea. Tropheus aliyeshiba kupita kiasi anavimba tumbo, na ugonjwa ule ukiingia kundini hautoki na mmoja.

Unyevu wa Dar ni adui wa zile mashine. Punje zinaganda kwenye tundu, siku ya tatu haitoki hata moja, au linaanguka bonge zima. Chukua yenye tundu la kuingiza mpira wa hewa, gawa hewa kidogo kutoka kwenye pampu ipulize ndani ya ngoma. Na usiiweke juu ya njia ya hewa ya feni, mvuke wote utaishia humo. Ijaribu siku 6 ukiwa nyumbani kwanza, uhesabu punje.

Tabata240:

Nimeelewa dada. Basi Apex naiacha. Orodha yangu: pawa sapulai ya CCTV, betri 18Ah, STC ya 12V, feni 2, pampu ya hewa ya DC, sponji 2, plagi ya waifai kwa kanista. Mashine ya kulisha baadaye. Nimesahau nini?

FundiVolti:

Vidogo vinne. Fyuzi ya ampea 5 kwenye waya chanya, karibu kabisa na betri. Betri ndogo ikigusana waya zake inayeyusha plastiki. Valvu ya kuzuia maji kurudi kwenye mpira wa hewa, au pampu ikae juu kuliko uso wa maji. Waya zote ziteremke chini ya usawa wa boksi ndipo zipande, ili tone likifuata waya lidondoke sakafuni badala ya kuingia ndani. Na kwa vifaa vilivyobaki kwenye 230, hita hasa, sakiti breka ya kuvuja umeme ya miliampea 30 na ethi inayofanya kazi.

Ukimaliza kufunga, zima ukutani kwa muda wa saa 4 ukiwepo. Betri nzima kwa mzigo huo inapaswa kusoma kama 12.3 au zaidi. Ikiwa 11 na kitu, rudisha dukani, umeuziwa iliyolala.

SampuKigamboni:

Fundi, hapo kwenye 13.8 kuna kitu. Feni za kompyuta zinavumilia, lakini STC ya 12V si zote. Tabata, soma kibandiko chake: kama hairuhusu mpaka 14, weka kigeuzi kidogo cha DC kati ya sapulai na STC, kile cha kupandisha na kushusha, ukifunge kwenye 12.0. Cha kushusha peke yake hakifai, kwa sababu betri ikifika 11.8 nacho kinashuka nayo na STC inaanza kuzima na kuwaka. Kiweke kwa STC peke yake, matundu 1 na 2. Feni na pampu zipite pembeni.

FundiVolti:

Kweli mkuu, hilo niliruka. Tabata, geuza skrubu ya kigeuzi ukiwa na mita mkononi *kabla* hujaunga STC. Vingine vinatoka dukani vimewekwa volti 20.