Filamu fupi ya binti mchoraji, Dodoma: mchoro unaokua nitaushutije?

NyikaFilamu: Wadau, naandaa filamu ya dakika 15 ya binti wa miaka 16, Nkuhungu, anayetaka kuwa mchoraji. Mchoro wake unakua sini hadi sini, lakini ratiba inanilazimu kushuti mwisho kabla ya mwanzo. Pia kuna sini ya Kolo, Kondoa, kwenye michoro ya miambani. Naombeni ushauri.

MkonoWaRangi: Kanvasi moja haitoshi kabisa. Mchoraji akuandalie hatua nne za saizi moja: penseli tupu, rangi ya chini, nusu, na iliyokamilika. Ya nusu ziwe mbili, maana ndiyo itakayopakwa mbele ya kamera, na teki ya pili, yaani mkirudia kushuti, itahitaji nyingine. Piga picha kila baada ya teki. Mkono unaoonekana kwenye shoti za karibu uwe wa mchoraji mwenyewe, ila kucha, bangili na madoa ya rangi vilingane na vya binti.

Tumia akriliki, rangi inayochanganywa na maji; ya mafuta hukaa siku kadhaa bila kukauka. Shida ya akriliki ni kwamba ikikauka inakolea na kupoteza mng'ao, na hewa ya Dodoma kiangazi inaikausha upesi, hivyo shoti mbili za sini moja hazifanani. Pakaza gliserini ya duka la dawa, nyembamba sana, juu ya sehemu iliyokauka: itang'aa kama mbichi. Ukimaliza, futa kwa kitambaa chenye maji.

SautiKavu: Upepo wa hapa sponji ya maiki haiuzuii, tafuta kifuniko cha manyoya. Sauti ya brashi irekodi ndani, peke yake, maiki sentimita 10 hivi kutoka kwenye kanvasi. Kamera iwe fremu 25 kwa sekunde, shata (muda wa kupokea mwanga kwa kila fremu) 1/50 ya sekunde, kwa kuwa umeme wetu ni hezi 50. Bila hivyo taa za tyubu zinaweza kupepesa. Saa 6 mchana jua liko utosini na macho yanakuwa mashimo meusi, shutini sini za ndani.

MwambaMwekundu: Kibali cha Bodi ya Filamu kwanza, kisha ofisi ya Mambo ya Kale pale Kolo. Michoro ile ni Urithi wa Dunia tangu 2006. Nakusihi, asiiguse mtu, na msiimwagie maji ili rangi ionekane; maji yanaiharibu. Binti achore kwenye daftari akiitazama. Mwanga huingia kwa ubavuni, kwa hiyo ubao mweupe wa kurudisha mwanga unatosha. Njia ni ya kupanda mawe, beba stendi nyepesi.

NyikaFilamu: Asanteni sana. Kanvasi ziwe kubwa kiasi gani?

MkonoWaRangi: Sentimita 60 kwa 80. Ikizidi hapo, uso wa binti na ncha ya brashi haviingii vizuri kwenye fremu moja.