Naomba ushauri: kuiandaa nyumba kwa mafuriko na radi, Magu

Habari zenu wakuu. Tunaishi Magu, karibu na Mto Simiyu unapoingia Ghuba ya Speke, na tangu Ziwa Victoria lilipofurika mwaka 2020, kisha tena 2024, kila masika yanapokaribia ninapata hofu, kwa sababu nyumba yetu ni ya matofali mabichi na mama mkwe wangu hatembei bila mkongojo. Hati na kadi za kliniki nimeziweka kwenye ndoo yenye mfuniko, juu ya kenchi. Je, fedha kidogo niliyonayo nianze kuchimba mtaro, au nizungushie msingi mawe na saruji? Vilevile, kwa radi za Kanda ya Ziwa, ambazo kwa kweli ndizo zinazonitisha zaidi, kinga ya radi kwenye nyumba ya bati hufungwaje kwa usalama?