Jibu: Picha na mkataba wa nyumba ya Rau

Dada, shikamoo.

Tangazo lako la kupangisha nyumba ya wazee, lenye picha, nimeliona kwenye orodha ya baruapepe huku Moshi. Naomba zile picha usizisambaze tena kwanza. Nimefungua taarifa zilizofichwa ndani ya picha moja: kuna aina ya simu, saa iliyopigwa, na namba za GPS zinazoonyesha mahali ilipopigwa. Desimali nne tu za namba hizo humfikisha mtu ndani ya mita kama 11, na zenu ni zaidi ya nne. Halafu tangazo linasema nyumba ni tupu hadi Desemba. Mwizi hana haja ya kuuliza njia.

Fundi alizituma WhatsApp kama dokumenti ili zisififie, ndiyo maana kila kitu kimebaki. Zikitumwa kama picha za kawaida, WhatsApp huzibana na kuondoa lokesheni. Baruapepe haiondoi kitu. Kwenye iPhone, ukishagusa alama ya kutuma, ingia Options juu, zima Location. Fundi naye azime lokesheni kwenye kamera yake.

Mkataba wa Word ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Wewe na kaka mmeusahihisha Track Changes (inayohifadhi kila mlichobadilisha) ikiwa imewashwa, kwa hiyo kodi mliyoifuta na maoni ya pembeni bado vimo. Mpangaji akiufungua ataona mko tayari kushuka hadi wapi. Mwaka 2003 ofisi ya Waziri Mkuu wa Uingereza ilitoa waraka kuhusu Iraki kwa Word, watu wakasoma humo majina ya maofisa walioushika. Kubalini mabadiliko yote, futeni maoni, kisha File, Info, Check for Issues, Inspect Document. Baada ya hapo ndipo mtengeneze PDF.

Na namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa) ya baba msiizibe kwa kuchora kisanduku cheusi juu yake. Maandishi ya chini mara nyingi yanabaki, mtu anayanakili tu. Ifuteni kwenye Word kabisa.

---

Marahaba mdogo wangu, ubarikiwe. Mkataba bado sijautuma, nausafisha leo. Je, picha zilizokwisha kwenda?

---

Zilizowafikia watu hazirudi, dada. Mwombe msimamizi wa orodha afute viambatisho kwenye kumbukumbu, na tangazo jipya lisiseme nyumba ni tupu. Nimeshaongea na mjomba wa Pasua, atalala pale kuanzia leo hadi mpangaji aingie.