Lord Cardigan wa gemu ya Assassin's Creed Syndicate, alikuwepo kweli?

padi_mbovu:
Wakuu salama? Jana usiku nimemaliza ile misheni Jacob, yule unayemcheza, anaingia Bunge la London kummaliza Lord Cardigan, yule Templar (kundi la maadui kwenye gemu) anayetaka kumuua mwanasiasa Disraeli ili sheria ya rushwa isipite. Sasa mdogo wangu anasema huyu ni mtu wa kweli kabisa, ofisa wa wapanda farasi, nikambishia mpaka tukawekeana soda. Nani kala hapo?

mzee_wa_historia:
Toa soda mkuu. Cardigan jina lake James Brudenell, kazaliwa 1797, ndo aliyeongoza Light Brigade, kikosi cha wapanda farasi wepesi, kule Balaclava kwenye Vita ya Crimea tarehe 25 Oktoba 1854, Waingereza na wenzao dhidi ya Mrusi. Raglan, jemadari mkuu wa Waingereza, yuko juu kilimani anaona kila kitu, katuma amri ya kikaratasi kwa Lucan, mkuu wa wapanda farasi wote, aliye chini bondeni, huyu haoni mizinga inayosemwa ni ipi, kapteni aliyeleta karatasi akanyoosha tu mkono, basi farasi kama 670 wakatimuliwa kwenye mizinga ambayo siyo. Zaidi ya 100 hawakurudi. Halafu Lucan na Cardigan ni mashemeji ila hawapikiki chungu kimoja, hata kuulizana vizuri ilikuwa shida. Cardigan alikuwa mbele kabisa na akatoka mzima, uoga hakuwa nao huyo.

padi_mbovu:
Dah. Na kifo je?

mzee_wa_historia:
Alianguka farasi kwake Deene Park, akafa tarehe 28 Machi 1868. Gemu nayo ni London ya 1868 na Disraeli kweli ndo kwanza kaingia uwaziri mkuu Februari, kwa hiyo Ubisoft, waliotengeneza gemu, mwaka wameupatia, kisu ndo wameongeza wao.

mama_junior:
Ndo huyo sweta ya vifungo imeitwa jina lake, hizi cardigan za mtumba tunazogombania asubuhi 😂

kishandu88:
Mi naona hawajamuonea sana. Utemplar wa kutunga sawa, lakini jamaa vyeo alinunua kwa hela, enzi hizo jeshini kwao ilikuwa halali mpaka 1871. Mtu wa hivyo ukimpa kesi ya kupinga sheria ya rushwa si inamkaa tu? Na sheria yenyewe ilipita kweli, Julai 1868, keshazikwa.

padi_mbovu:
Haya soda nimetoa. Dogo sasa anasema hata balaklava, ile kofia ya kuficha uso, imetoka vita hiyohiyo, anataka tuwekeane tena. Nimekataa.