Mliofika miji ya Tanzania kutoka Lubumbashi, tupeane uzoefu

Mama Bikwembe, Katuba
Ndugu zangu wa L'shi (Lubumbashi), mwezi ujao narudi Dar kuchukua mzigo, na safari hii nataka nipite Dodoma na Mwanza. Naanza mimi, mfuate.

Mara ya kwanza, 2019, nilikuwa najiona bingwa wa Kiswahili. Nimezaliwa Katuba, hapa hapa L'shi, Kiswahili nimegombania na kupikia. Nikaingia duka moja Mtaa wa Kongo, Kariakoo (jina lile lilinidanganya, nilidhani nitakuta Wakongomani watupu), nikamwambia kijana wa dukani: "Nataka kuuza vitenge."

Akaniangalia mikono, mitupu. "Umeviacha wapi, mama? Sisi hatununui, tunauza."

"Ndiyo, weye unauzisha, miye nauza!"

Majirani wawili wakaja kusikiliza. Kwetu anayetoa franga ndiye anayeuza, mwenye duka anauzisha. Kwao anayetoa pesa ananunua. Tulibishana mpaka nikaweka dola mia juu ya kioo cha meza, ndipo akacheka na kuniletea kigoda. Siku hizi hata hiyo dola isingenisaidia: tangu Machi 2025 sheria ya kule inakataza kutaja bei na kulipana kwa fedha za kigeni. Badilisheni shilingi kabla ya kuingia sokoni. Sisi tuliozoea kulipia hata mkate kwa dola, ni shida kidogo.

Shofa wa Kasumbalesa
Pole, Mama. Njia ile nimeipita kuliko ninavyokwenda kanisani: Kasumbalesa, Kitwe, Kapiri Mposhi, Mpika, Nakonde, unavukia Tunduma. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano usiifungie chini ya mzigo. Na hapo Tunduma kumbukeni saa! Sisi wa L'shi na Zambia saa zetu ni moja, Tanzania wako mbele saa nzima.

Nilimsindikiza mdogo wangu apande basi la saa 12 asubuhi kwenda Dar. Saa yangu ya mkononi inasoma 11:50. Nikasema tumewahi, tukaagiza chai na chapati. Muuza chai ndiye aliyetuuliza tunasubiri nini, maana basi lenyewe kwa wakati huo liko Vwawa, mbele njiani. Nauli haikurudi. Chai nayo nililipa.

Mbeya bebeni sweta. Baridi ya Juni kwetu tunaijua, ila ya kule ni kaka yake.

Mutoto wa Ruashi
Miye Dar nusura inizike. Kwetu magari yanashika mkono wa kuume, kule wa kushoto. Nikavuka barabara huku nimegeuzia shingo upande usio wake. Bodaboda ikapita nyuma ya kisigino, ndala ikabaki barabarani. Tangu siku ile navuka nyuma ya mama mwenye mtoto mgongoni, akienda naenda.

Dodoma nendeni kwa treni ya umeme iliyoanza 2024. Nilifungasha mikate miwili na samaki wakavu kama mtu anayekwenda Kalemie kwa reli. Mkate wa kwanza haujaisha, wanatangaza tumefika. Hata saa nne hazikutimia kutoka Dar! Mji wenyewe ni maofisi na upepo, siku moja inatosha. Zabibu zao lakini usiziache.

Yaya wa Kamalondo
Mwanza nilifikia kwa shemeji. Asubuhi watoto wakanipangia mstari: "Shikamoo." Nikawajibu vizuri, "Jambo yenu." Hakuna aliyeondoka. Yule mdogo, ana miaka minne hivi, akairudia mara tatu, kila mara kwa sauti zaidi, halafu akaenda kunishtaki jikoni: "Mama, mgeni hapokei." Shemeji akanifundisha "marahaba" huku anapepeta mchele. Siku ile niliitikia mpaka muuza maji, kumbe hata hakunisalimia.

Sato wa Ziwa Victoria wala sibishi, walinishinda. Bukari yao tu, ugali wanavyouita, naona imelegea. Lile jiwe la Bismarck, la pale ziwani, lipige picha uendelee na safari.

Mama Bikwembe, Katuba
Marahaba, Yaya! Sasa Mutoto wa Ruashi, hizo zabibu zinafika L'shi kweli?

Shofa wa Kasumbalesa
Namjibia. Kwa foleni ya makamyo ninayoijua, Mama, Nakonde zitafika zimeshakuwa divai.