Samaki anakufa kwenye hewa tele, mende hafi majini mpaka kuwe na sabuni. Mbona?

MamaNeema_Kayole:

Hamjambo wadau. Mimi nakaanga samaki hapa Kayole, na saa kumi na moja alfajiri huwa niko Gikomba nachagua tilapia. Kitu cha kwanza nafunua shavu nitazame matamvua. Yakiwa mekundu namchukua, yakiwa ya kahawia namrudisha. Nimefanya hivyo miaka tisa bila kujiuliza ule wekundu una kazi gani, mpaka juzi binti yangu wa Gredi ya 8 aliponiuliza: "Mama, samaki akitolewa majini amezungukwa na hewa kila upande. Mbona anakufa kwa kukosa hewa?"

Sikuwa na jibu. Usiku huohuo tukakuta mende kwenye beseni la vyombo. Neema akamzamisha kwa kijiko dakika kumi nzima, tukajua amekwisha. Tulipomweka juu ya gazeti, baada ya muda papasi zikaanza kucheza, akainuka akaenda zake. Wa pili alitumbukia kwenye maji ya sabuni, na huyo hakumaliza dakika mbili. Sasa nina maswali mawili. Nisaidieni, tena kwa maneno ninayoweza kumfikishia mtoto.

Kijana_Umoja:

Shikamoo mama. Nijuavyo mimi, mende hana mapafu, anapumua kwa ngozi. Sabuni ni sumu kwake tu.

FundiMaabara:

Mama Neema, nimekuwa fundi wa maabara ya shule miaka 26, na panzi na tilapia niliowapasua mbele ya wanafunzi siwezi kuwahesabu. Kijana wa Umoja amekaribia, ila si ngozi, na sabuni haimuui mende kwa sumu.

Mshike panzi mkubwa, mlaze ubavu, umtazame kwa kioo cha kukuzia. Utaona vitundu vimepangwa pembeni mwa mwili: jozi 2 kifuani na jozi 8 tumboni. Mende naye anavyo 10 kila upande. Kila kitundu ni mlango wa bomba, na bomba hilo lina pete ndani yake kama paipu ya kufyonza maji, ili lisibonyee. Linagawanyika tena na tena mpaka linakuwa jembamba kuliko unywele, na ncha zake zinafika kwenye misuli yenyewe. Oksijeni inaingia humo humo hadi chembe inayoihitaji, na hewa ya ukaa inatoka vivyo hivyo. Damu haihusiki kuibeba. Ndiyo maana mende ukimponda huoni damu nyekundu.

Vitundu hivyo vina vifuniko. Mende akizama anavifunga na kukaa na akiba iliyomo mabombani, na ngozi yake ina nta inayosukuma maji mbali. Sabuni inaharibu ule ukaidi wa maji wa kujikusanya kuwa tone. Yanalainika, yanatambaa juu ya nta, yanaingia matunduni. Mende wenu alizama kwa ndani. Mwitaliano Marcello Malpighi aliyaona mabomba haya kwa kiwavi wa hariri na kuandika habari zake mwaka 1669. Alipopaka mafuta kwenye matundu, kiwavi alikufa. Hata wazee wetu waliomwaga mafuta kwenye madimbwi walikuwa wanafanya jambo lilelile: kiluwiluwi wa mbu ananing'inia chini ya uso wa maji akipumua kwa kijibomba cha mkiani, na mafuta yanamzibia.

Sasa samaki, na hapa ndipo ninapopapenda zaidi. Lita moja ya hewa ina oksijeni mara 30 hivi ya ile iliyo ndani ya lita ya maji. Hapa Nairobi, tulivyo juu karibu mita 1,700, maji ya nyuzi 20 yanabeba miligramu 7 na kitu tu kwa lita. Samaki anaishi kwenye ufukara, kwa hiyo hana ruhusa ya kupoteza. Chini ya kila shavu ana pinde nne, kila upinde una safu za nyuzi, kila uzi una vijani vidogo sana vilivyojaa damu. Ule wekundu unaoutafuta Gikomba ni damu hiyo, ikionekana kupitia utando mwembamba mno.

Na damu inapita kinyume cha maji. Fikiria mchuuzi wa mandazi kwenye foleni ya Jogoo Road. Akitembea sambamba na gari moja, wakishagawana biashara imekwisha. Akitembea kinyume cha magari, kila hatua anakutana na dereva ambaye hajala kitu, na hata akibaki na mandazi mawili yupo wa kuyanunua. Mchuuzi ni maji, mandazi ni oksijeni, madereva ni damu. Hivyo ndivyo samaki anavyoweza kutoa hadi asilimia 80 ya oksijeni iliyomo majini.

Ukimtoa, hewa ipo, lakini maji ndiyo yaliyokuwa yanavitenganisha vile vijani. Vinalaliana, vinagandana, vinaanza kukauka. Sehemu ya kupumulia inabaki kidogo mno.

Bwawa_Ruai:

Niongeze la bwawani. Usiku mwani hautoi oksijeni, unaila kama samaki. Karibu na alfajiri ndipo hali inakuwa mbaya, utaona tilapia wamepanga midomo juu ya maji wakinyonya ule utando wa juu wenye hewa. Aliyeniuzia pampu aliniapia kuwa betri yake inashika mpaka asubuhi. Stima ilipopotea saa tano usiku, nilipoamka niliokota samaki 60. Inaniuma hadi leo, maana nilikuwa nimewalea tangu wakiwa vifaranga.

Kambare wa bwawa la pili hawakufa hata mmoja. Yeye juu ya matamvua ana kiungo kama kichaka kidogo chekundu, anapanda juu, anameza hewa, anarudi. Kamongo wa Ziwa Victoria ndiye kapita wote, ana mapafu kabisa.

MamaNeema_Kayole:

Asante sana mzee Fundi, na wewe wa Ruai pole kwa hasara. Leo nimekata upinde mmoja wa tilapia wa asubuhi, nikamwita Neema. Tumeutia kwenye glasi ya maji: nyuzi zimefunguka zote, moja moja, unaweza kuzihesabu. Tukauinua kwa uma, zikalala pamoja papo hapo kama brashi ya rangi iliyolowa. Tukaurudisha, zikafunguka tena. Amerudia mara saba, mpaka mafuta yangu yakaungua jikoni.

Jumamosi namletea kichwa cha kambare. Wa Ruai, hicho kichaka nikitafute upande gani nikishafunua shavu?

Bwawa_Ruai:

Juu na nyuma ya matamvua, mama, karibu na fuvu. Kata taratibu, kina vijitawi.