Cub Cadet inazima ikishapata moto: koili au kuna jambo jingine?

ShambaRuai
Habari za jioni wakuu. Nina Cub Cadet 102, trekta ndogo ile ya manjano na nyeupe ya International Harvester, ya katikati ya miaka ya 1960. Niliitoa kwenye banda moja huko Karen kuku wakiwa wamelala juu yake. Miezi minane nimekuwa nayo: gia, rangi, matairi, nyaya zote. Injini ni Kohler K241, silinda moja, farasi 10.

Asubuhi inawaka mara moja. Nikilima kama dakika ishirini inaanza kukohoa, nguvu zinaisha, inazima. Nikiiacha ipoe saa nzima inawaka tena vizuri. Plagi niliyoitoa ilikuwa nyeusi tititi kwa masizi. Fundi mmoja kaniambia nitupe injini nifunge ya Kichina. Sitaki kabisa. Trekta hii haina mkanda wa kusukuma magurudumu, ni shafti moja kwa moja hadi kwenye gia. Nataka ilime na injini iliyozaliwa nayo.

La pili: udongo wetu wa Ruai ni ule mweusi. Plau ya inchi 10 ikizama, magurudumu yanazunguka palepale. Niongezeje uzito?

FundiKariobangi
Kijana wangu, usitupe kitu. Silinda ya hiyo injini ni chuma cha kusubu. Ikichoka unaikereza, unaweka pistoni ya saizi ya juu, maisha yanaendelea.

Ikizima tu, legeza kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa ikivutwa ndani, tundu lake limeziba. Kisha toa plagi, iguse kwenye chuma, zungusha injini. Cheche ikikosekana wakati wa moto na ikarudi ikipoa, shuku koili, ile inayotoa umeme wa cheche, na kondensa yake. Koili yake inatumia betri ya volti 12, haijafichwa ndani ya flaiwili (lile gurudumu zito la injini), kwa hiyo ya gari la zamani lenye pointi, zile za kukata na kuunga umeme wa koili, utaipata Kirinyaga Road. Chukua ile isiyohitaji rizista ya nje. Pointi ziachie nafasi ya nusu milimita.

Masizi ni kabureta. Nairobi tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, petroli inazidi. Punguza skrubu ya petroli kidogo kidogo injini ikiwa na mzigo. Usiikaze hadi mwisho, ncha ya sindano itaharibika.

Lakini niambie kwanza: katika hiyo miezi minane, ulilitoa lile bati linalozunguka silinda?

MamaViazi
Kaka, kuhusu uzito, jaza maji matairi ya nyuma. Wenzetu wa Marekani hutia chumvi ya kalsiamu maji yasigande, nayo inakula rimu. Huku hakuna baridi ya namna hiyo, maji matupu yanatosha. Valvu iwe juu, jaza hadi usawa wake, kisha malizia kwa upepo. Mimi nilifunga na minyororo. Na udongo mweusi ukiwa umelowa usiuguse, hata trekta kubwa inakwama. Subiri siku ambayo udongo unang'ang'ania jembe kidogo tu.

ShambaRuai
Mzee, shikamoo. Bati sikuwahi kulitoa, nililipaka rangi likiwa palepale.

Leo nimelitoa. Mapezi ya silinda, yale ya kuipoza, upande wa nyuma yalikuwa yamezibwa na viota vya nyigu wa udongo, vitano vimeshikamana, vigumu kama tofali. Nilipovivunja kwa kijiti cha mwanzi, ndani mlikuwa na buibui wakavu waliopangwa kama dagaa. Chini yake kiota cha panya, nyasi na manyoya ya kuku. Hewa ya feni haikuwa na pa kupita. Nimeosha, nimepuliza, nimerudisha bati.

Imelima dakika hamsini bila kuzima. Niliizima mwenyewe. Plagi bado ina weusi kiasi, kabureta nitaigusa kesho. Mama, hiyo minyororo uliinunua au ulitengenezewa?

MamaViazi
Nilitengenezewa Kamukunji. Nenda na kipimo cha tairi likiwa limejaa, si likiwa tupu.